Alishindwa 1962, akashindwa 1964: Barbara Jordan na kile kiti cha Austin

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa jumuiya hapa Houston, kuna walioomba niiandike maana hawakuwepo, nimeiandika kama nilivyoongea, nimepunguza tu pale nilipojirudia.)

Shikamooni wazee wangu. Kaka zangu, dada zangu, hamjambo? Ndugu zetu wa Kongo, karibuni sana, naona leo mmekuja wengi kuliko sisi wa Tanzania na Kenya, na hiyo ni heshima kubwa kwetu.

Nimepewa nafasi niongee kuhusu kupiga kura, manake mwaka huu watu wengi humu ndani wameapa na kuwa raia, na nilipoulizwa nitaongea nini nikasema sitaki kuongea habari za rais. Za rais tunazisikia kila siku kwenye simu zetu. Nataka kuongea kuhusu seneta wa jimbo. Sio seneta wa Washington, wa jimbo, yule anayekaa Austin, makao makuu ya Texas. Na nataka niongee kupitia mwanamke mmoja aliyezaliwa hapa hapa Houston, mtaa wa Fifth Ward, tarehe 21 Februari 1936, anaitwa Barbara Jordan.

Kwanza tuelewane kwenye neno lenyewe, maana naona watu wanachanganya na mimi mwenyewe nilichanganya miaka mingi. Mkenya ukimwambia seneta anafikiria seneta wa kaunti anayekaa Nairobi. Mkongo anafikiria Seneti ya Kinshasa. Sisi Watanzania ndo kabisa, hatuna seneti, tuna wabunge na madiwani, labda Mzanzibari ndo ataelewa haraka maana ana Baraza lake la Wawakilishi linalotunga sheria za Zanzibar tu. Texas iko hivyo. Texas ina bunge lake lenyewe lenye nyumba mbili, na ile ya juu ina maseneta 31. Thelathini na moja tu kwa jimbo lenye watu zaidi ya milioni 29. Ukigawa unapata seneta mmoja kwa karibu watu 940,000. Wanakutana Januari ya kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, siku 140 basi, na mshahara wao ni dola 600 kwa mwezi, ndiyo, mia sita, nyie mnaobeba boksi mnaweza kupata hiyo kwa wiki. Lakini hao ndo wanaoamua shule ya mtoto wako inapata hela kiasi gani, leseni yako ya unesi inatolewa kwa masharti gani, bima ya watoto, mipaka ya maeneo ya uchaguzi, na wewe utapigaje kura na kwa kitambulisho gani. Rais hayuko kwenye hayo mambo. Yule wa dola 600 ndo yuko.

Sasa turudi kwa Barbara.

Baba yake aliitwa Benjamin Jordan, alifanya kazi ghalani na baadaye akawa mchungaji wa Baptist. Mtoto akasoma Phillis Wheatley High School hapo hapo Fifth Ward, na siku moja shuleni akaja mwanamke mweusi mwanasheria kutoka Chicago, Edith Sampson, akaongea na wanafunzi, na binti akasema nami nitakuwa mwanasheria. Alimaliza 1952. Chuo kikuu cha jimbo kule Austin wakati huo hakikupokea weusi kwa shahada ya kwanza, kwa hiyo akaenda Texas Southern, hapa hapa mjini, akawa hatari kwenye timu ya midahalo. Walikuja Harvard kujadiliana nao wakatoka sare. Kisha akaenda Boston University kusoma sheria, akamaliza 1959.

Akarudi Houston na shahada yake ya sheria, na ofisi yake ilikuwa wapi? Meza ya kulia chakula ya wazazi wake. Karibu miaka 3 wateja wanakuja nyumbani, sahani zinatolewa, karatasi zinatandazwa. Nawaona hapa vijana wenye vyeti vyao vya nyumbani ambao mnaona aibu kuanza kidogo, wengine mnaniambia mama bora nisifanye kabisa kuliko kufanyia sebuleni. Haya, huyu alifanyia sebuleni.

Mwaka 1960 kampeni ya Kennedy na Johnson ilivyokuja Houston akajitolea. Kazi aliyopewa ni kulamba stempu na kufunga bahasha. Siku moja msemaji aliyetakiwa kwenda kuongea kanisani hakuweza kufika, wakamtuma yeye, na baada ya usiku ule hakuna aliyemrudisha tena kwenye stempu. Akaanza kazi ya kupanga watu mtaa kwa mtaa, kila mtaa una mtu wake anayejua nani kajiandikisha na nani bado, nani mzee anahitaji gari siku ya kura. Hii kazi ya mtaa kwa mtaa naomba muikumbuke, nitairudia.

1962 akagombea. Miaka 26. Sio useneta, ni nyumba ya chini ya bunge la Texas. Ada tu ya fomu ya kugombea ilikuwa dola 500, na hela hiyo hakuwa nayo, ikabidi atafutiwe. Akazunguka kaunti nzima ya Harris, hii yetu ya Houston, anaongea kwa ile sauti yake (wale mliowahi kumsikia kwenye video mnaijua, sauti nzito, neno moja moja kama mtu anapanga matofali), watu weusi kwa weupe wanampigia makofi. Siku ya kura akapata kura kama 46,000 na mwenzake Willis Whatley akapata zaidi ya 65,000. Mtaani kwao walimpa kura karibu zote. Kwa wazungu walimpigia makofi lakini kura hawakumpa.

1964 akarudi tena dhidi ya Whatley huyo huyo. Akashindwa tena.

Kwetu tunasema asiyekubali kushindwa si mshindani. Yeye alikubali matokeo, ila alikaa chini akauliza nimeshindwa kwa nini, na hapa ndo pana somo la leo lote, naomba tukae hapa kidogo hata kama chai inapoa.

Jamani, kaunti ya Harris wakati ule ina watu zaidi ya milioni 1. Wabunge wake wote walichaguliwa na kaunti nzima. Yani hakuna kusema huyu ni mbunge wa Fifth Ward na yule wa River Oaks, hapana, kila kiti kilipigiwa kura na watu wote wa kaunti. Weusi walikuwa kama mtu 1 kati ya 5. Sasa piga hesabu. Hata mtaa wako wote utoke, hata bibi kizee abebwe mgongoni akapige kura, ukiwa 1 kati ya 5 na wale 4 hawakutaki, utashindwa mwaka huu, mwakani, na mwaka wa kumi. Hukushindwa kwa sababu huna watu. Umeshindwa kwa sababu mstari umechorwa kuzunguka kaunti badala ya kuzunguka mtaa wako.

Na kwenye useneta ilikuwa vibaya zaidi. Katiba ya Texas ilisema kaunti yoyote haiwezi kuwa na zaidi ya seneta mmoja. Mmoja! Houston yote hii na kaunti za vijijini zenye ng'ombe wengi kuliko watu wanakwenda Austin wakiwa karibu sawa.

Halafu ongeza kodi ya kura. Texas ulikuwa unalipia kupiga kura, dola 1.50 na kaunti inaweza kuongeza senti 25, inakuwa 1.75, na unalipa mwanzoni mwa mwaka, kabla Januari haijaisha, miezi kadhaa kabla hata ya uchaguzi wenyewe. Ukisahau Januari, mwaka umekwisha.

Niwasimulie kitu. Mimi nimefanya kazi ya kulea wazee majumbani miaka mingi, wengi wenu mnaijua hiyo kazi. Nilikuwa na bibi mmoja mweusi, Mmarekani, miaka 84, kazaliwa na kukulia Fifth Ward, nilikuwa namwogesha, nampa dawa, namsomea Biblia jioni maana macho yalikuwa yamechoka. Siku moja nafungua Zaburi ikaanguka karatasi. Ndogo, upana wa kiganja, imekuwa rangi ya chai, pembeni imeliwa na wadudu, jina lake limeandikwa kwa kalamu ya wino kwa mwandiko wa kulalia, na pale chini 1.75. Nikadhani ni risiti ya duka. Nikamuuliza bibi nitupe? Akanishika mkono, na hakuwa na nguvu yule bibi lakini siku ile alinishika kweli kweli. Akaniambia ile ni risiti ya kodi ya kura. Alikuwa anafua nguo za watu, kufikisha hiyo 1.75 alikuwa anaweka senti kwenye kopo toka Oktoba. Ilikuwa ya 1962. Alimpigia Barbara Jordan, Barbara akashindwa, na bibi akaitunza risiti.

Nilimuuliza kwa nini utunze risiti ya kura iliyoshindwa. Akasema, manake nililipa.

Sijawahi kukosa kupiga kura toka siku ile.

Sasa nini kilibadilika? Barbara hakubadilika, sauti ile ile, sera zile zile. Kilichobadilika ni sheria. Mwezi Januari 1964 marekebisho ya 24 ya katiba ya Marekani yakapita, kodi ya kura ikafutwa kwenye uchaguzi wa kitaifa, Texas ikang'ang'ania kuitoza kwenye uchaguzi wa jimbo, hadi Februari 1966 mahakama ya shirikisho ilipoifuta. Na Juni 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Reynolds dhidi ya Sims ikasema maeneo ya mabunge ya majimbo lazima yawe na watu wanaolingana, mtu mmoja ni sawa na mtu mwingine, ng'ombe hahesabiwi. Ule mpango wa seneta mmoja kwa kaunti ukafa. Mwaka 1965 Texas ikachora mistari upya, Harris ikapata maseneta zaidi, na moja ya maeneo mapya, namba 11, likaangukia wapi? Fifth Ward na mitaa ya jirani. Barbara akatazama ramani akakuta vile vituo alivyokuwa anashinda 1962 na 1964 vingi viko mule ndani. Zile kura zilizokuwa zinazama kwenye bahari ya kaunti sasa ziko kwenye bakuli moja, pamoja na za Walatino na za wazungu wafanyakazi wa viwandani.

(Na kabla yake pia kuna watu walipita wakasafisha njia. Kuna daktari wa meno wa Fifth Ward huyo huyo, Lonnie Smith, alinyimwa kupiga kura kwenye mchujo wa chama cha Democrat kwa sababu ya rangi, na Texas ya wakati ule mchujo wa Democrat ndo ulikuwa uchaguzi wenyewe, akaenda mahakamani mpaka juu kabisa, akashinda 1944. Barbara alikuwa na miaka 8. Mtaa mmoja jamani.)

Mchujo wa Mei 1966 akapambana na J.C. Whitfield, mzungu, mtu ambaye tayari alikuwa mbunge. Whitfield akawa anauliza kwenye kampeni, hivi mzungu anaweza kushinda hapa? Barbara akawa anawajibu watu, hapana, safari hii hapana. Na kile kitu cha kulamba stempu na kupanga mtaa kwa mtaa ndo kilifanya kazi. Akashinda karibu kura mbili kwa moja.

Toka 1883 hakuna mtu mweusi aliyekuwa amekaa kwenye Seneti ya Texas. Miaka 83. Na mwanamke mweusi hakuwahi kukaa kabisa. Januari 1967 anaingia, wenzake 30 wote ni wanaume, na hakuna mweusi mwingine. Watu wa Houston walikodi mabasi wakaenda kumshuhudia, ukumbi wa juu wa wageni umejaa, alipoingia wakaanza kupiga makofi na kushangilia. Ni marufuku kushangilia mle ndani. Akainua macho kwa watu wake, akaweka kidole mdomoni. Wakanyamaza wote.

Mimi hiyo picha naipenda kuliko zote za maisha yake. Angeweza kuwapungia. Yeye aliona niko kazini, na kama watu wangu watatolewa nje siku ya kwanza basi hao 30 watakuwa na la kusema. Wengine walimsema kwamba alikuwa mpole mno na wale wazee wa Seneti, alikunywa nao, alikwenda kuwinda nao, alijifunza kanuni mpaka akazijua kuliko wao. Mimi nadhani alihesabu. Kule Seneti kulikuwa na utaratibu kwamba muswada hauletwi ukumbini mpaka theluthi 2 ya maseneta wakubali. Kwa hiyo kama una 10 wa kuungana na wewe, mkawa 11, mnaweza kuufungia muswada wowote mlangoni. Ulipokuja muswada wa kubana uandikishaji wa wapigakura alizunguka meza kwa meza akakusanya hao 10, na muswada ukaishia hapo. Bila kelele, ni hesabu za vichwa, kama alivyofanya mtaani kwao 1960.

Akachaguliwa tena 1968 kwa muhula wa miaka 4. Mwaka 1969 Texas ikapata sheria yake ya kwanza ya kima cha chini cha mshahara, na yeye alikuwa mmoja wa walioipigania, akiwafikiria watu ambao sheria ya shirikisho ilikuwa imewaacha nje, watu wa mashambani, watu wa kufua. Yule bibi yangu alikuwa anafua, mnakumbuka. Akapigania pia tume ya kusimamia haki kwenye ajira. Mshahara wa seneta wakati huo ulikuwa dola 4,800 kwa mwaka, kwa hiyo uanasheria wake hakuuacha.

Machi 1972 maseneta wenzake wakamchagua kuwa rais wa muda wa Seneti. Utaratibu wa Texas ni kwamba gavana na naibu wake wakitoka nje ya jimbo, huyo ndo anakaimu ugavana, na kuna desturi wanatoka makusudi siku moja kumpa heshima. Tarehe 10 Juni 1972 Barbara Jordan akawa gavana wa Texas kwa siku moja, mwanamke mweusi wa kwanza kukaimu ugavana wa jimbo lolote Marekani. Baba yake, yule mzee wa ghalani, alikuwepo pale bungeni anamtazama binti yake. Siku hiyo hiyo akaanguka, akapelekwa hospitali. Kesho yake akafariki.

Nimeshindwa kila mara kuisimulia hii bila kusimama kidogo. Samahani.

Sasa kuna jambo moja sitaki kulificha, manake tukimfanya mtu malaika hatujifunzi kitu. Mwaka 1971 maeneo ya uchaguzi yalichorwa tena, na safari hii Barbara alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya kuchora. Likatoka eneo jipya la bunge la Washington, namba 18, katikati ya Houston, linamfaa kabisa. Lakini lile eneo lake la useneta likakatwa vipande na kura za weusi zikatawanywa. Curtis Graves, mbunge mweusi wa hapa hapa, akamshambulia waziwazi kwamba ameuza kiti cha watu weusi wa Texas ili apate tiketi ya Washington, akagombea naye kwenye mchujo wa 1972. Barbara akamshinda kwa asilimia 80 hivi, Novemba akashinda kwa kiasi hicho hicho, na yeye pamoja na Andrew Young wa Georgia wakawa weusi wa kwanza kutoka Kusini kuingia Congress toka 1901.

Lakini Seneti ya Texas ikakaa bila mtu mweusi hata mmoja mpaka Craig Washington alipoingia 1983. Miaka 10. Mimi nampenda Barbara Jordan na nasema Graves alikuwa na hoja. Mistari ile ile iliyompa kiti 1966 ndo iliyowanyang'anya watu wake kiti 1972, na yeye alikuwa kwenye chumba walichokuwa wanachora. Huenda asingeweza kuizuia peke yake, alikuwa mmoja kati ya 31. Lakini wananchi wa Fifth Ward waliulizwa? Ramani huchorwa kila baada ya sensa, kila miaka 10, kunakuwa na vikao vya wazi mtu yeyote anaweza kwenda kusema, na sisi hatuendi, sijawahi kumwona mmoja wetu.

Washington nitapita haraka kwa sababu hiyo ndo sehemu kila mtu anaijua. Julai 1974, kamati ya sheria, mashtaka ya rais Nixon, akaongea kwa dakika chache nchi nzima ikamsikiliza, akasema katiba ilipoandikwa 1787 yeye hakuwa miongoni mwa wale "sisi watu", ila imani yake kwenye hiyo katiba sasa ni kamili. 1976 akawa msemaji mkuu kwenye mkutano wa Democrat New York. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukawa unamla miguu polepole. Januari 1979 akaondoka mwenyewe kwenye siasa, akaenda kufundisha Austin, kwenye chuo kile kile ambacho 1952 kisingempokea. Akafariki Januari 1996.

Ila mambo mawili ya huko yanatugusa sisi, ngoja niyaseme.

La kwanza ni 1975. Kuna sheria ya shirikisho ya kulinda haki ya kupiga kura, ilikuwa haiihusu Texas vya kutosha, yeye akaongoza kazi ya kuiongeza ifike Texas, na ilinde pia watu wasiojua Kiingereza. Ndo maana leo Harris karatasi ya kura ipo kwa Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Kiswahili bado. Lakini mjue, na hasa wazee wetu wa Kongo mjue, sheria inamruhusu mtu asiyeweza kusoma karatasi ya kura kuja na msaidizi anayemtaka yeye, mwanawe, jirani, yeyote ila asiwe mwajiri wake au wakala wa mwajiri au wa chama chake cha wafanyakazi. Kuna mzee alirudi nyumbani mwaka uliopita kwa sababu mtu mmoja kituoni alimwambia binti yake asiingie naye. Hiyo ilikuwa makosa na isitokee tena kwa yeyote humu, simameni pale pale mwombeni mkuu wa kituo.

La pili ni gumu kidogo. Miaka yake ya mwisho aliongoza tume ya serikali ya uhamiaji, na mwaka 1995 tume ilipendekeza wahamiaji halali wapunguzwe hadi 550,000 kwa mwaka na ile foleni ya kuwaleta kaka na dada ifutwe. Wengi humu mngekuwa hamkuja. Nimesikia watu wakisema basi huyo si wetu. Lakini mwaka huo huo alikwenda Congress kupinga wale waliotaka mtoto anayezaliwa hapa asipewe uraia kwa sababu ya hali ya wazazi wake. Mimi sikubaliani naye kwenye foleni ya ndugu, mdogo wangu yuko Tanga anasubiri mpaka leo. Na bado risiti ya yule bibi ni risiti.

Kile kiti chake cha Congress alikirithi Mickey Leland, wa Houston hapa hapa. Agosti 1989 ndege yake ilianguka Ethiopia akiwa njiani kwenda kambi ya wakimbizi, akafa na wenzake wote. Wale mliotua uwanja wa ndege wa Bush mkiwa na ile mifuko myeupe ya IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, jengo la safari za kimataifa lina jina lake. Nilitaka mlijue hilo jina.

Haya. Uchaguzi ujao Texas, lazima uwe umejiandikisha siku 30 kabla. Kwa mtandao huwezi kama hujawahi kujiandikisha, labda ukiwa unahuisha leseni yako ya udereva huko mtandaoni, vinginevyo ni fomu ya karatasi na sahihi yako ya mkono. Dada yetu pale karibu na birika la chai ana kibali cha kaunti cha kuandikisha watu, amekuja na fomu za kutosha. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha uraia, sio lile la Facebook, Wakongo majina yenu matatu yaandikwe yote matatu. Kama uraia bado usijaze, nakuomba, hata mtu akikuambia haina shida, inaweza kukuharibia kila kitu, subiri zamu yako. Na ambaye kadi yake imeandikwa anwani ya zamani naye aje, nimewaona mlihama Februari.

Hailipiwi kitu. Wazee kwanza, tuwape njia.